Barua ya wazi kwa wanaogawa ruzuku za vihami joto: mkaguzi asilipwe na mkandarasi

Waheshimiwa mawaziri wa nishati na makazi, wakuu wa mashirika yanayogawa ruzuku, na nyinyi wa kampuni za umeme na gesi mnaotakiwa kisheria kuchangia mipango hii,

Salamu kwenu.

Mimi ni mmoja wa wale wanaokaa na majirani kuwasaidia kujaza fomu zenu, hasa wazee na wapangaji ambao wakiuona wingi wa kurasa huzikunja na kuziweka juu ya kabati. Kwa hiyo sijaja kupinga ruzuku. Nataka ziendelee, na zikiwezekana ziongezwe. Nyumba isiyo na kihami joto chochote, yaani tabaka la kuzuia joto lisitoroke, hupoteza takriban robo ya joto lake kupitia paa na karibu theluthi kupitia kuta; anayelipia hita katika nyumba ya namna hiyo anapasha joto barabara. Hilo mnalijua kuliko mimi, na kampeni zenu zimelisema vizuri.

Nililonalo ni jambo moja, nalo linahusu namna mnavyolipa. Anayekagua kazi ya mkandarasi asilipwe na mkandarasi huyo. Na mkandarasi asimaliziwe malipo yake kabla mtu hajaingia ndani ya nyumba, akapanda darini, akazunguka ukuta kwa miguu yake na kusema kazi imefanyika.

Mtanijibu kwamba ukaguzi mnao tayari. Kwenye makaratasi, ndiyo. Nchi nyingine nazo zilikuwa nao kwenye makaratasi.

Mwaka 2009 serikali ya Australia, ikihangaika kunusuru ajira baada ya msukosuko wa fedha duniani, ilijitolea kugharamia vihami vya dari katika majumba ya watu. Lengo lilikuwa fedha ziingie mtaani haraka, na kweli ziliingia: nyumba zaidi ya milioni moja ziliwekewa vihami kabla mpango haujafungwa Februari 2010. Kampuni zilichipuka kama uyoga. Sharti la kwamba kila fundi awe amepata mafunzo lililegezwa, ikaonekana inatosha msimamizi peke yake kuwa na ujuzi. Vijana wanne walikufa kazini, watatu kwa kupigwa na umeme na mmoja kwa joto kali la darini. Nyumba kadhaa zikashika moto. Tume ya Kifalme, yaani tume rasmi ya uchunguzi, iliyoongozwa na Ian Hanger ilipotoa ripoti yake mwaka 2014 haikumung'unya maneno: mpango ungepangwa ipasavyo, vifo vile visingetokea. Wanne wale hawakuuawa na sufu ya kioo wala karatasi ya alumini. Waliuawa na ratiba.

Mkisema hayo ni ya zamani, tazameni Uingereza. Oktoba 2025 ofisi ya taifa ya ukaguzi wa hesabu ya huko ilichapisha ripoti kuhusu mipango miwili ya ruzuku, ECO4 na Great British Insulation Scheme, ambayo gharama zake hubebwa na kampuni za nishati na mwishowe na wateja wao kupitia bili. Ilikadiria kuwa katika nyumba zilizowekewa vihami ukuta wa nje, asilimia 98 zilikuwa na kasoro zinazohitaji kurekebishwa, kasoro ambazo zikiachwa huleta unyevu na kuvu. Hizo ni nyumba kati ya 22,000 na 23,000. Kwa vihami vya ukuta wa ndani, kasoro zilikuwa katika asilimia 29. Ukisoma asilimia 98 mara ya kwanza unadhani mchapaji amekosea. Ukipotoka kwa asilimia kumi unaweza kuwalaumu mafundi wabovu; ukipotoka kwa asilimia 98 hapo mbovu ni mpango wenyewe. Kazi iligawiwa kutoka kampuni hadi kampuni, mafundi wengi hawakuwa na ujuzi wa kutosha, viwango vilieleweka tofauti na kila mtu, na vyombo vya usimamizi vilikuwa vingi kiasi kwamba hakuna kilichojiona kina jukumu la kupiga kengele mapema.

Sasa naomba niwapeleke karibu na ukuta mmoja, kwa sababu nina hofu kwamba wengi wenu mnauona kwenye jedwali tu.

Kihami cha nje ni mbao za povu au za sufu ya mawe, unene wa sentimita kumi hivi, zinazogandishwa na kupigiliwa kwenye ukuta kisha zikafunikwa kwa wavu na plasta. Ukuta mzima unasogea mbele kwa unene huo. Chini ya kila dirisha kuna kingo ambayo kazi yake, tangu nyumba ijengwe, ni kutokeza nje ya ukuta ili maji ya mvua yadondoke mbali. Ukuta ukishasogea, kingo ile imemezwa. Fundi mwenye muda huweka kingo mpya ndefu zaidi, akaziba maungio yake. Fundi ambaye ana nyumba nyingine mbili kabla ya jua kuzama hupaka plasta hadi pale kingo ilipoishia na kuondoka. Mvua ya kwanza yenye upepo ikija, maji hufuata ufa ule mwembamba na kuingia nyuma ya mbao, ambako hakuna jua wala hewa ya kuyakausha. Kadhalika bomba la maji ya paa: badala ya kulifungua na kulisogeza, mbao hukatwa kulizunguka. Nyuma ya bomba hubaki mstari wa ukuta mtupu, wenye baridi kuliko ukuta wote uliobaki, na upande wa ndani mvuke wa chumba huja kutulia na kuwa maji papo hapo kwenye mstari huo.

Kutoka barabarani nyumba inang'aa. Plasta mpya, rangi safi, picha nzuri. Picha hiyo ndiyo inayofika kwenu, mnalipa. Miezi kadhaa baadaye mama mwenye nyumba anasogeza kabati la nguo na kukuta ukuta una madoa meusi tangu chini hadi usawa wa kiuno.

Dari nalo lina siri zake. Sufu ikisukumwa hadi ukingoni mwa paa huziba njia ya hewa, na mbao za paa zisizopata hewa huoza polepole. Nyaya za umeme zilizofukiwa chini ya sufu hupata joto kwa sababu haziwezi tena kulitoa. Taa za kuzama darini zinahitaji nafasi au kifuniko maalumu. Mfuniko wa mlango wa darini husahauliwa mara nyingi kuliko mnavyofikiri, ukabaki kipande chembamba cha mbao katikati ya sufu ya unene wa sentimita 27. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoonekana kwenye picha iliyopigwa na mtu aliyesimama kwenye ngazi na kunyoosha simu.

Halafu kuna hewa. Familia inayopika, inayooga, inayokausha nguo ndani na kulala vyumba vyote humwaga hewani lita kadhaa za maji kila siku. Nyumba ya zamani iliyojaa nyufa ilikuwa ikiyatoa yenyewe, pamoja na joto lote. Mkiziba nyufa bila kuweka feni ya jikoni na ya bafuni, maji yale hayana pa kwenda. Mipango mingi huichukulia feni kama nyongeza ambayo ikibanwa bajeti inaweza kuondolewa. Naelewa kwa nini: sijawahi kusikia waziri akikata utepe kuzindua feni ya bafuni. Lakini ningekuwa na mamlaka ya kubadilisha sharti moja tu la kiufundi, ningesema kihami kisilipiwe mahali ambapo hewa haijapangiwa njia.

Niseme kuhusu anayekagua, maana hapo ndipo shauri lilipo.

Marekani wana mpango wa tangu 1976 wa kuzikarabati nyumba za wenye kipato kidogo zisipoteze nishati, uitwao Weatherization Assistance Program. Nao una matatizo yake, ukiwemo mlolongo mrefu wa kusubiri. Ila una kanuni ambayo natamani mngeiiga neno kwa neno: nyumba haihesabiwi kuwa imekamilika mpaka mkaguzi mwenye cheti cha kazi hiyo ameikagua. Si nyumba moja kati ya ishirini; kila nyumba. Huja na feni kubwa inayofungwa mlangoni, inayofyonza hewa ya ndani ili kupima nyumba inavuja kiasi gani, kazi inapimwa kabla na baada. Mkandarasi hawezi kubishana na kipimo hicho kama anavyoweza kubishana na mzee wa miaka sabini anayelalamika kwamba chumba bado kina baridi.

Linganisheni na pale ambapo mkandarasi ndiye anayempata mteja, ndiye anayemleta mpimaji wa awali, ndiye anayefunga, ndiye anayepiga picha na kuzituma. Mteja halipi kitu, kwa hiyo anaona haya kulalamika; watu wetu husema mgeni hachagui chakula. Mpimaji akimkataza mkandarasi kufunga kihami kwenye ukuta wenye unyevu, kesho hataitwa tena. Katika nyumba nzima hapatikani hata mtu mmoja ambaye kusema "hapana" hakumgharimu. Italia ilijifunza upande mwingine wa jambo hili ilipoanzisha mwaka 2020 nafuu ya kodi ya asilimia 110, yaani serikali ilirudisha gharama yote na ziada juu. Mwenye nyumba hakuwa na sababu ya kuuliza bei, mkandarasi hakuwa na sababu ya kuishusha, udanganyifu ukaingia, na mzigo kwa hazina ukavuka yuro bilioni 100.

Najua hoja mbili mtakazonirudishia. Ya kwanza ni gharama za ukaguzi. Basi tazameni gharama za kufanya kwa pupa. Uingereza hiyohiyo, Septemba 2020, ilizindua vocha za Green Homes Grant kwa bajeti ya pauni bilioni 1.5 na lengo la nyumba 600,000. Ilipangwa kwa haraka, ikafungwa Machi 2021. Wakaguzi wa hesabu wa taifa walikadiria kuwa ingeishia nyumba 47,500 hivi, na kwamba katika pauni milioni 314 zitakazotumika, zaidi ya milioni 50 zingekwenda kwenye uendeshaji. Hiyo ni zaidi ya pauni 1,000 za ofisi kwa kila nyumba. Kwa fedha hizo mkaguzi angekunywa chai kwa mwenye nyumba na kurudi mara ya pili. Na wakandarasi wadogo walioajiri na kununua vifaa kwa kuamini neno la serikali waliachwa wakihesabu hasara. Wengi wa namna hiyo hawarudi mpango mwingine ukija, wanaorudi ni wale waliozoea kuchuma na kutoweka.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: mkichelewesha malipo hadi baada ya ukaguzi, maskini atashindwa kushiriki. Ni kweli iwapo atakayesubiri ni yeye. Ireland hutoa ruzuku nyingi za kawaida baada ya kazi kwisha na nyumba kupimwa upya, na kwa mwenye akiba ni utaratibu mzuri. Kwa asiye na akiba wana mpango tofauti unaolipia kila kitu. Ninachoomba ni kwamba wa kusubiri awe mkandarasi, si mwananchi. Mlipeni sehemu vifaa vinapofika, ili fundi mdogo asizame. Mlipeni sehemu kubwa baada ya ukaguzi. Na kisehemu kidogo kibaki mikononi mwenu mpaka msimu mmoja wa mvua na baridi upite juu ya kazi yake. Kingo ya dirisha iliyosahaulika hujitangaza yenyewe mvua ikinyesha.

Kuna suala la mnachokipima pia. Mmezoea kuuliza bili imeshuka kiasi gani, kisha mnakata tamaa kwamba makadirio hayakutimia. Lakini kaya iliyokuwa haiwashi hita kwa kukosa fedha haiwezi kuokoa umeme ambao haikuutumia. Kihami kikifika, kaya hiyo kwanza huanza kuishi katika chumba chenye joto la kibinadamu. Shirika la Afya Duniani katika miongozo yake ya mwaka 2018 linataja nyuzi 18 kuwa kiwango cha chini cha usalama ndani ya nyumba kwa nchi zenye msimu wa baridi. New Zealand walilitazama jambo hili kwa upana. Mtafiti Philippa Howden-Chapman na wenzake walizifuatilia kaya 1,350, zenye watu wenye matatizo ya kupumua, nusu zikiwekewa vihami mapema na nusu baadaye, na matokeo yakatoka mwaka 2007 katika jarida la kitabibu la BMJ. Joto la vyumba vya kulala lilipanda kwa nusu nyuzi tu. Unyevu ulipungua. Na bado siku ambazo watoto walikosa shule zilipungua, siku ambazo watu wazima walikosa kazi zilipungua, vifua vikakoroma kidogo kuliko awali. Serikali yao ilianzisha mpango wa taifa wa ruzuku miaka miwili baadaye. Mkipima bili peke yake, faida yote hiyo mnaiandika sifuri.

Hao hao wa New Zealand waliwakumbuka wapangaji. Tangu Julai 2019 nyumba ya kupanga lazima iwe na vihami vya dari na vya chini ya sakafu pale inapowezekana kuviweka. Nawatajia kwa sababu sehemu ya fomu zenu inayonichosha kuliko zote ni ile ya ridhaa ya mwenye nyumba. Mpangaji ndiye analipa bili, mwenye nyumba ndiye anatia saini, na yule asiyeumia hana haraka. Wengine huogopa hata kuomba saini hiyo, wasije wakapandishiwa kodi baada ya nyumba kuboreshwa kwa fedha za umma. Kanuni ikimlazimu mwenye nyumba, na ikamzuia kupandisha kodi kwa sababu hiyo, kurasa tatu za fomu zitakufa zenyewe.

Madalali wa mlangoni sitawazungumzia sana. Mnawajua: wanagonga wakijitambulisha kwa jina la mpango wenu, wana kitambulisho kilichoning'inizwa shingoni, wanasema nafasi zinaisha Ijumaa. Wanapata riziki kwa sababu mnalipa kwa idadi ya wateja na kwa sababu hakuna namba moja ya simu ambayo bibi anaweza kupiga na kuuliza, "Huyu kijana ni wenu?" Wekeni namba hiyo.

Nanyi wa nchi za joto msiikunje barua hii mkidhani si yenu. Bati tupu juu ya kichwa ni tanuri mchana na jokofu usiku. Afrika Kusini, nyumba nyingi za serikali zilizojengwa baada ya 1994 zilikabidhiwa bila dari. Huko Kuyasa, mtaa wa Khayelitsha jijini Cape Town, nyumba zaidi ya 2,000 za wenye kipato kidogo ziliwekewa dari zenye vihami pamoja na vifaa vya kuchemshia maji kwa jua, chini ya mradi uliosajiliwa mwaka 2005 katika mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuuza upunguzaji wa hewa ukaa. Katika mfumo huo hati za kuuza zilitolewa baada ya upunguzaji kupimwa na kuthibitishwa na mtu wa nje. Yaani wenye nyumba zile walipata kwa njia ya soko la hewa ukaa kile ambacho wapokea ruzuku wengi wa nchi tajiri hawajakipata: mtu asiye na maslahi anayekuja kuangalia.

Limebaki la dhamana. Mnawapa watu karatasi ya dhamana ya miaka mingi, iliyotolewa na kampuni ambayo huenda isifike miaka mitatu. Kasoro zikionekana, simu haipokelewi, kampuni imefungwa, na wakurugenzi walewale wamefungua nyingine yenye jina jipya. Dhamana isimamiwe na mfuko wa umma unaochangiwa na kila mkandarasi kabla ya kupewa kazi ya kwanza, na mfuko huo ndio upigiwe simu, kisha wenyewe wahangaike kumsaka aliyeharibu. Msimtume mjane mahakamani kudai kingo ya dirisha.

Naomba mjibu hadharani, si kwa barua ya kunishukuru kwa maoni yangu. Katika mpango mnaouendesha sasa hivi, kwa kila nyumba mia zilizolipiwa, mkaguzi ameingia ndani ya ngapi? Na malipo ya mkaguzi huyo yanatoka mfukoni mwa nani?

Wenu,
Mjaza fomu za majirani